HAWA WA KIBOKSI CHA "MIMI SI ROBOTI" WAMEZIDI! FOMU NZIMA NYEUPE PEEEE!

Hasira za Forest ya Zamani (mwanzisha uzi):

Kamwene wakuu. Nasalimia kwa malezi tu, moyoni kunawaka.

Hivi hawa watu wanatuonaje? Sitaji jina. Mnawajua. Kila aliyewahi kujaza kitu kwenye ile tovuti, kuanzia Tunduma hadi Ruaha Mbuyuni, anawajua. Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako upite kimya kimya.

Ukiwasha VPN tu, ile programu inayofunga mtandao wako kwa siri na kuupitisha kwenye kompyuta ya mbali, ushakuwa mhalifu. Kwanza kiboksi. Unatiki, hakiridhiki, yanamwagwa mapicha. Chagua pikipiki zote: miraba 9, unazigusa, zinayeyuka taratiiibu, zinakuja picha nyingine, na humo kuna pikipiki tena. Ukimaliza, chagua mabomba ya zimamoto! Yale mabomba mafupi ya pembeni mwa barabara za Marekani, mtu wa Makete kayaona wapi? Halafu inaletwa ile ya miraba 16, picha moja imekatwakatwa, na saiti mira ya pikipiki imechungulia mraba wa jirani. Uguse? Usiguse? Vyovyote vile, kosa ni lako.

Hayo yote tungevumilia. Shida ni TUMA.

Fomu yenyewe ndefu kuliko foleni ya malori Tunduma. Namba ya NIDA tarakimu 20, kata, mtaa, barua ya mtendaji iliyoskaniwa, PDF isizidi MB 2, na ikiwa 2.1 inakataa bila kusema sababu. Muda wote huo tiki ya kijani iko pale juu, inang'aa, inakutazama. Unabonyeza TUMA. Tiki inazimika. Fomu nyeupe. Peeee! Na maandishi mekundu: "Thibitisha kuwa wewe si roboti."

Roboti gani ana barua ya mtendaji wa kata???

Na msije na lile jibu lenu la "zima VPN mkuu". Watu hawawashi VPN kwa urembo. Waifai ya gesti, neno la siri limebandikwa mapokezi na halijabadilishwa tangu jengo lipigwe ripu, halafu NIDA ya mtu ipite humo uchi? Aliyebuni huu mfumo apewe fomu yake aijaze akiwa ndani ya basi linapanda Kitonga, simu ina mstari mmoja wa mtandao na chaji asilimia 4. Akifika TUMA, iwe nyeupe.

Narudia: NYEUPE. Hata jina la kwanza halikubaki.

Mla Viazi Isongole: Nimekaa siti ya mbele. Uzi mtamu huu.

Fundi Waya Mwanjelwa: Mkuu punguza jazba, usome. Tiki ya kapcha ya aina hiyo, yaani hicho kiboksi cha roboti, inaishi dakika 2. Zikipita ni maiti, hata kama kwa macho bado ya kijani. Fomu ya namna hiyo nani anaimaliza kwa dakika 2? Jaza kila kitu, pandisha viambatanisho, subiri vifike asilimia 100, ndipo utiki, halafu TUMA hapo hapo. Majibu marefu yaandike kwanza kwenye noti za simu, uje kubandika. Kufutika kwa fomu ni uvivu wa aliyeitengeneza: seva ikikataa tiki, ulichojaza kilitakiwa kurudi kilivyo.

Hasira za Forest ya Zamani: Kiboksi kipo JUU fundi. Juu kabisa! Mtu aanze kujaza fomu kutokea chini?

Fundi Waya Mwanjelwa: Ndiyo, kiruke. Hakuna aliyekulazimisha kukianza.

Binti Gangilonga: "Roboti gani ana barua ya mtendaji" 😂😂 jirani kagonga ukuta huku. Mwanzisha uzi, hebu thibitisha kwanza. Chagua mende wote.

Kipanga wa Njombe: Kosa si VPN yenyewe, kosa ni unaopanda nao. Seva moja ya VPN inatoa watu kibao kwa anwani moja ya IP, ile namba inayokutambulisha mtandaoni. Humo kuna wewe na NIDA yako, na kuna programu ya mtu inayojaribu manenosiri ya watu usiku kucha. Tovuti inaona IP moja tu, inawahukumu wote. Tena hizo anwani ni za vituo vya seva, siyo za majumbani, na orodha zake zinajulikana. Za bure ndizo chafu zaidi. Fanya hivi: badilisha seva ndani ya VPN hiyo hiyo, chukua mji usio na watu wengi. Ukimudu, lipia IP ya peke yako. Na usihame seva katikati ya fomu, IP ikibadilika tovuti nyingine zinakutoa nje na kukufutia kila kitu.

Halafu soma namba ya kosa kabla ya kutukana. 403 ni umekatazwa, hata ungoje hadi kiyama, badilisha seva. 429 ni maombi yamezidi, tulia kidogo usibonyeze, maana kila ukirifreshi unajiongezea kifungo.

Mnoko wa Kabwe: Mods fungeni uzi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, mwisho ilikuwa tarehe 30 mwezi ule ule. Mwanzisha uzi ulitoa?

Hasira za Forest ya Zamani: Fomu ya kutoa taarifa nayo ina kiboksi? Kama ina kiboksi, jibu unalo.

Kipanga wa Njombe: 😂😂😂

Sauti ya Kyela: Mbona mnasahau brauza? Watu mnafungua dirisha la faragha, mnazima kuki (vile vikumbukumbu tovuti inavyoacha kwenye brauza), mnaweka kizuia matangazo, halafu mnashangaa kuonekana roboti. Kapcha inaangalia kama wewe ni mgeni kabisa. Bila kuki huna historia, kila ukiingia wewe ni mgeni upya. Ziko pia zisizoonyesha picha wala kiboksi, zinakupa alama kimyakimya kuanzia 0.0 hadi 1.0, na tovuti nyingi zinakata kwenye 0.5. Hapo hata ukizijua pikipiki zote za Mafiati haikusaidii kitu.

Jambo jingine: VPN nyingine zenye kizuia matangazo ndani yake zinaweza kuzuia hata kapcha yenyewe. Kiboksi hakitokei kabisa, TUMA haibonyezeki. Zima hicho kipengele tu, VPN iache.

Hasira za Forest ya Zamani: Sasa dirisha la faragha nalo ni kosa? Gesti hapa, kompyuta ya mapokezi, nimwachie mhudumu kuki zangu? Na kumbukeni ilikuwa IMESHATIKIWA. Kijani!

Kijana wa Ipogolo: Huyu bado yupo kwenye tiki.

Mzee wa Sokomatola: Vijana, hata bila VPN hamponi. Angalieni IP ya simu kwenye mipangilio ukiwa na data: ikianza na 10 kisha nukta, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni ya simu imewafungia wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa Chunya akiharibu, wa Uyole anachagua mabomba. Zima data uwashe, au weka hali ya ndege kidogo, mara nyingi unapewa anwani nyingine.

Sauti ya Kyela: Kweli kabisa mzee. Na kwa wale ambao kiboksi kinazunguka tu, picha hazitokei: ni MTU hiyo, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. Kwenye VPN za aina ya WireGuard huwa 1420, ishushe hadi 1280, pakiti kubwa zinakwama njiani. Waifai ikizuia UDP, njia ya data ambayo WireGuard inatumia, hamia aina nyingine ya VPN, OpenVPN, kwa njia ya TCP mlango wa 443 unaotumiwa na tovuti za kawaida, polepole lakini inapita. Hakikisha na saa ya simu ipo sawa.

Fundi Waya Mwanjelwa: Njia fupi kuliko zote hizo: itoe brauza moja nje ya VPN, programu nyingi za Android zina hicho kipengele. Tovuti korofi ifungulie humo kwa bando lako, siyo waifai ya gesti. Mengine yote yabaki ndani ya VPN.

Parachichi la Wanging'ombe: Bando lipi fundi? Hilo linaloisha ukiwa umelala? Hapo ndipo uzi ulipotakiwa kuanzia. Kapcha bora, walau inakuuliza. Bando linaondoka bila kukuaga.

Binti Gangilonga: Na ule ujumbe wa namba 6 za kuthibitisha? Unaambiwa una dakika 5, meseji inaingia wewe ushaoga, ushakula.

Hasira za Forest ya Zamani: Jamani uzi ni wa kiboksi.

Mla Viazi Isongole: Mnalilia bando na huku tunauziana lumbesa! Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, njoo uone shambani linavyoshonewa kofia juu, mkulima analipwa gunia moja.

Kijana wa Ipogolo: Wakala wa Vipimo wapo wapi?

Mla Viazi Isongole: Wapo barabarani, lumbesa inapita usiku.

Parachichi la Wanging'ombe: Tatizo ni wakulima wenyewe. Ukikataa kofia, jirani yako anakubali, lori linaondoka na vyake.

Mnoko wa Kabwe: Mods, huu uzi uhamishiwe jukwaa la kilimo.

Mzee wa Sokomatola: Kabla haujahamishwa, gunia la viazi mviringo bila kofia leo Makambako linakwenda shilingi ngapi?