Tupeane uzoefu: gitaa ya besi gani uliuzisha na mpaka leo roho inauma?

Wapiga besi wenzangu, habari zenu. Mimi niko Goma, Himbi, nilianzia korali halafu nikaingia kwenye harusi na baa. Nataka kila mtu aeleze kifaa kimoja aliuzisha ama kilipotea, na bado unakitafuta na macho kila ukipita mahali wanapiga muziki.

Yangu ilikuwa Yamaha RBX, kamba ine, nyekundu, pasivu, yaani haina betri, na mikro mbili za kushika sauti ya kamba. Niliilipa dola 150 kidogo kidogo, miezi mitano. Mkono wangu ulijifunzia pale, nilikuwaka najua bila kuangalia noti ya fa iko wapi, noti ya si bemoli iko wapi. Sasa 2019 vijana wa korali wakaanza, yaya, kamba ine imepitwa, siku hizi ni kamba tano, na mimi nikasikiliza. Nikaiuzisha 120, nikaongeza makuta, nikachukua ya kamba tano, aktivu, ya betri ya volti 9.

Sikilizeni vizuri, hapa njo kuna somo la pesa. Ile kamba ya tano, noti ya "si" ya chini, iko kwenye hezi 31 hivi, na noti yetu ya "mi" ya kawaida iko 41. Bafle yetu ya kanisa ni spika moja ya inchi 10, ya zamani, hata ile "mi" inaitoa kwa shida, sasa ile "si" unasikia tu kitu kinanguruma kama lori, noti yenyewe huisikii. Halafu betri. Hakuna mtu aliniambia kama ukiacha jaki ya waya imechomekwa usiku, besi ya aktivu inakula betri hata haipigwi, juu ni ile jaki njo inawasha mtambo wa ndani. Jumapili moja katikati ya sebene ya sifa sauti ikaanza kupasuka, ikafa. Mpiga ngoma akanigeukia, mama mmoja wa sauti ya pili akanigeukia, na mimi nimeshika ubao. Ile Yamaha haikuwahi kunifanyia vile hata siku moja. Aliyeinunua alihama Goma, namba yake haipiti.

Nani anaendelea?

— Bukavu, Kadutu

Mimi besi yangu niko nayo. Niliuzisha ampli. Spika ya inchi 15, nzito, tuliibeba watu wawili kupanda kwetu juu gari haifiki, na mvua ikinyesha ule udongo unateleza, ukikosea hatua moja mnashuka nayo wote. Nikachoka. Nikaitoa, nikachukua ndogo ya wati 30 inabebeka na mkono mmoja.

Ndugu zangu, mpiga gitaa ya solo akiwa na wati 30 anajaza sali nzima, lakini besi inataka nguvu mara nyingi zaidi ya ile. Na besi hausikie na masikio peke yake. Ile ya kwanza niliisikia kwenye suruali, mpiga ngoma aliisikia kwenye kiti chake, mguu wake na kidole changu vilikuwa kitu kimoja. Sasa kila mazoezi ananiambia ongeza, na volimu imefika mwisho.

— Goma, Himbi

Kaka wa Kadutu, aliyeinunua bado unamjua? Muombe akuuzishie tena.

— Bukavu, Kadutu

Nilienda. Alishaitoa spika, akaifunga kwenye gari.

— Lubumbashi, Katuba

Pole sana yaya. Mi yangu ilikuwa kopi ya Jazz Bass, ile besi ya Fender, ya mjomba wangu, Mungu amulaze pema. Alikuwa na zile kamba laini za waya bapa, zile hazina mikwaruzo, kidole kinateleza bila kelele, na hakuzibadilisha miaka na miaka. Sauti yake ilikuwa kama unagonga mlango wa mbao na ngumi iliyofungwa kitambaa. Kavu, fupi, inaingia chini ya ngoma na inakaa pale. Juu ya mikro ya mbele palikuwa pameliwa, kashimo kadogo, ni pale aliwekaka kidole gumba.

Mama akaingia hospitali, nikaiuzisha. Hiyo sijutii, mama iko, tunakula naye. Kinachoniuma ni hiki: siku moja mbele mteja afike, nilitaka besi ionekane safi, nikaenda nikanunua kamba mpya za kung'aa, nikatoa zile za mjomba nikazitupa mu takataka. Nikapiga akorde mbili tatu kujaribu, ikalia kama besi ya mtu mwingine. Nikakaa nayo hivi kwenye kitanda. Ile sauti niliiua mimi mwenyewe kabla ya kuuzisha, na sikuwa nimeirekodi hata dakika moja na telefone. Ilienda Kasumbalesa.

— Bukavu, Nyawera

Msikate tamaa. Paul McCartney wa Beatles, besi yake ya Höfner, ile alinunua Hamburg 1961, iliibiwa London 1972. Ikaonekana kwenye dari ya nyumba ya watu, ikarudi kwake, wakatangaza Februari 2024. Zaidi ya miaka 50! Kasumbalesa ni karibu.

— Goma, Ndosho

Mimi yangu haiwezi kurudi. Nilimwachia rafiki yangu wa Buhene kwa dola 80, tukaelewana nikipata pesa ananirudishia. Pesa nilikuwa nayo tangu Aprili, nikasema nitapita wiki ijayo, nitapita wiki ijayo. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo, ule mlima wa moto wetu, ikashuka. Alitoa watoto, akatoa mama yake. Nyumba ikaisha yote. Kesho yake alinipigia kwanza kuniomba msamaha ya besi, mtu ambaye hana hata shuka ya kulalia, na mimi nikashindwa kuongea.

Nimebaki na mkanda wa ngozi wa ile besi, nilisahau kumpa siku ile. Naufunga kwenye besi ninayoazima.

— Goma, Himbi

Ndugu wa Ndosho, nimesoma mara mbili. Mkanda usiutoe.

Wengine waendelee kuandika. Na mtu yeyote akiona Yamaha RBX nyekundu, Butembo, Uvira, popote, ageuze nyuma ya kichwa cha shingo: kuna herufi G nilichora na msumari, na chini yake alama ya moto wa mshumaa, siku kuranti ilikatika. Anipigie hata usiku.

— Bukavu, Kadutu

Yaya, kuna nyekundu naonaka kanisa moja hapa chini ya kwetu. Jumapili nitageuza nyuma nikutumie picha.