Wimbo wa upweke wa Mahler: piano, okestra, au kwaya ya sauti 16?

NuruAlto
Nina ubishi na mwalimu wetu wa kwaya, na naona mazoezini hautaisha, kwa hiyo nauleta kwenu. Wimbo ni "Ich bin der Welt abhanden gekommen" wa mtunzi Gustav Mahler, shairi la Friedrich Rückert. Anayeimba anasema amepotea machoni pa dunia, dunia aliyoipotezea muda mwingi, na kwa kuwa haijasikia habari zake siku nyingi huenda inadhani amekufa. Wala hajali. Beti la mwisho anasema anaishi peke yake katika mbingu yake, katika penzi lake, katika wimbo wake.

Nimeusikiliza kwa namna tatu. Mtu mmoja na piano, na mtu mmoja na okestra, zote kazi ya Mahler mwenyewe. Ya tatu ni kwaya ya sauti 16 bila ala yoyote, mpangilio wa Mjerumani Clytus Gottwald. Mwalimu anasema hiyo ya kwaya imeipita ya asili. Mimi nikiisikia najiuliza: huyu mpweke mbona amekuja na ukoo mzima?

BesiYaChini
Dada Nuru, umenichekesha, ila nakupinga. Sikiliza mwanzo tu. Kwenye okestra anaanza yule zumari mzito, cor anglais. Anatoa noti mbili, anasimama. Anazirudia, anaongeza moja, anasimama tena. Ndipo sauti inaachia na kwenda. Pazuri sana, sikatai. Lakini Gottwald noti hizo hizo amewapa waimbaji wa sauti ya pili (alto), na hakuwaambia waimbe "uuu" kama wapangaji wengi wanavyofanya kazi ya ala ikihamia kwa watu. Amewapa maneno yenyewe. Kwa hiyo unasikia mtu anaanza sentensi, anaiacha, anaanza upya. Kwenye okestra ule ni utangulizi, huku kwenye kwaya ni mtu anayetafuta namna ya kusema jambo zito. Mimi hapo huwa nimeshamaliza ubishi, na wimbo hata haujafika mstari wa pili.

MpigaKinanda_Moshi
Mnaruka piano kana kwamba ni ya mazoezi. Noti ya piano ukishaipiga inaanza kufa papo hapo, huna la kuifanya. Fidla zinaweza kuivuta, kwaya inaweza kuivuta, piano haiwezi. Kwa wimbo wa mtu anayeaga dunia, huko kufifia kwenyewe ni nusu ya ujumbe. Tatizo ni wapigaji: wengi wanaogopa ukimya, wanaukimbiza.

Halafu pumzi. Mtu mmoja lazima avute pumzi, na mistari ya Mahler ni mirefu, unamsikia akipanga atakatia wapi. Kwaya wanapokezana pumzi, huyu anavuta wakati yule anashikilia, basi wimbo unakwenda kama hauna mapafu. Kwangu hiyo ni hasara. Msikilizeni mwimbaji Kathleen Ferrier, rekodi ya 1952 na mwongozaji Bruno Walter (huyu alikuwa msaidizi wa Mahler Vienna, anajua anachokifanya). Ni ya okestra, najua, lakini nenda usikie pumzi za yule mama.

OtisNakuru
Mimi naonelea tukumbuke huyu Gottwald alitoka wapi. Mwaka 1960 alianzisha kikundi cha waimbaji, Schola Cantorum Stuttgart, kilichojulikana kwa muziki mpya ambao kwaya nyingine ziliukimbia. Mtunzi György Ligeti aliwaandikia "Lux aeterna" mwaka 1966, na ni sauti 16 vilevile, bila ala. Kwa hiyo Gottwald alipomshika Mahler, alimshika na masikio ya Ligeti. Ndiyo maana wengine wanasema wanasikia ukungu. Wimbo wa 1901 unapita katika mbinu ya miaka ya 1960. Ukiutafuta utunzi wa Mahler mtupu, utakasirika. Ukikubali kwamba ni watu wawili wanaongea, ni kitu kingine kabisa. Rekodi ya kuanzia ni ya kwaya ya Ufaransa iitwayo Accentus, chini ya Laurence Equilbey.

Na kwa nini watu wanaulinda wimbo huu kwa wivu? Mahler alimwambia rafiki yake Natalie Bauer-Lechner kwamba wimbo huu ni yeye mwenyewe. Aliuandika Agosti 1901 kule Maiernigg, kando ya ziwa, baada ya kutoka damu Februari ya mwaka huo hadi karibu apoteze maisha. Alikuwa mkurugenzi wa opera ya Vienna, simu, ugomvi, waimbaji wenye kiburi mwaka mzima. Kiangazi ndicho kilichokuwa chake.

NuruAlto
Otis, asante, lakini hapo umenipa silaha. Kama ni yeye mwenyewe, basi ni mmoja! Na kuna mahali pamoja mpangilio wa kwaya unashindwa kabisa kwangu: beti la pili, pale anaposema hajali hata dunia ikimdhania amekufa. Mwimbaji mzuri anautupa mstari ule, kama mtu aliyeulizwa deni la mwaka juzi. Janet Baker anaufanya hivyo, na Fischer-Dieskau kwa namna yake ya ukavu. Kwaya haiwezi kupandisha mabega. Wote 16 wanauimba kwa heshima ileile waliyoimbia mstari wa juu, dharau yote imepotea, imebaki huzuni ya kanisani. Shairi lina ujeuri kidogo jamani, si sala.

MpigaKinanda_Moshi
Hapo umemaliza.

BesiYaChini
Hajamaliza. Ujeuri nakubali unapungua. Ila beti la mwisho? Sauti ya kwanza zinapopanda kule juu polepole, bila nguvu, na besi chini hazisogei, hakuna mwimbaji mmoja duniani anayeweza kukupa juu na chini kwa pamoja. Okestra inaweza, ndiyo, lakini ala haisemi neno "mbingu".

Bi_Salme_Hamburg
Nasoma kimyakimya tangu juzi, ngoja niseme kwa sababu nimeuimba, kwenye kwaya moja hapa Ujerumani. Nuru anauliza mpweke amekuja na ukoo. Mwanangu, ukiwa ndani ni kinyume chake. Kwaya ya kawaida una wenzako wanane, kumi, mnaimba noti moja. Ukisahau unamsikiliza jirani. Huku njia ni 16, na sisi tulikuwa 16. Aliye kulia kwangu anaimba kitu kingine, aliye kushoto kitu kingine, wote wa sauti ya kwanza. Hakuna wa kumwegemea. Ukikosea kuingia, nafasi yako inabaki tupu na ukumbi mzima unaisikia. Na usisahau hakuna kinanda cha kukurudishia ufunguo: mkianza kushuka robo toni, mnashuka wote, na mwisho ule mtamu unaanguka mahali ambapo Mahler hakuuweka. Ilitutokea mazoezini, mwongozaji anapiga piano baada ya noti ya mwisho na sisi tuko chini kabisa, tunatazamana.

Kwa hiyo anayekaa kwenye kiti anasikia umati. Anayeimba yuko peke yake kuliko mwimbaji wa piano, kwa sababu yule angalau ana mpigaji anayemfuata akichelewa. Kuhusu mstari wa kutojali, Nuru ana haki, sisi pia tuliuimba kama mazishi. Nadhani ni kosa la waongozaji zaidi kuliko la Gottwald. Maneno yapo, mtu akiyataka makavu atayapata.

OtisNakuru
Bi Salme, hilo la ndani sikuwahi kulifikiria. Basi huenda mwalimu wa Nuru anaongea kama mwimbaji na Nuru kama msikilizaji?

NuruAlto
Bi Salme shikamoo. Umenifanya nirudie kuusikiliza kwa spika za masikioni, nikafuata sauti moja tu ya pili toka mwanzo hadi mwisho, nikaziacha nyingine zote zipite. Ule upweke upo kweli. Bado kusikiliza nachagua Baker na okestra. Kuimba, sasa natamani. Shida ni kwamba mpangilio unataka wanaume wanne wa sauti ya tatu, kila mmoja na njia yake, sisi tunao wawili na mmoja kati yao ni besi aliyeombwa asogee. Mwalimu ameshaagiza nota.

BesiYaChini
Huyo aliyesogezwa mwambieni mapema.