Faiba, kaboni au aramidi: ipi kwa kayaki nne za Ziwa Duluti?

Kasia_Tengeru: Wakuu, nataka kuunda kayaki nne karakana yetu hapa Tengeru. Kalibu (umbo la kuundia boti) ipo. Nyuzi zipi: kioo (faiba), kaboni au aramidi (jamii ya Kevlar)? Na resini (gundi inayogandisha nyuzi) nipake kwa mkono au ninunue pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa kwenye mfuko ili tabaka zibanane?

FundiResini: Ni kama umeuliza bei ya suti bila kusema ni ya mtoto au mtu mzima. Urefu? Za kukodisha au za mbio? Resini gani?

MamaKalibu: Kama za kukodisha, kioo. Kaboni ni nyepesi na kakamavu, ila ikigonga jiwe inapasuka ghafla. Aramidi haipasuki kirahisi, lakini ukiipiga msasa inaota manyoya, na mkasi wa kawaida unaitafuna tu. Iweke tabaka la ndani, kioo kibaki nje.

FundiResini: Mnabishania nyuzi, uzito uko kwenye resini. Kayaki yenye eneo la mita 5 za mraba, tabaka tatu za kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba: kioo kilo 4.5. Kwa mkono mzuri resini nayo 4.5. Jelikoti (tabaka la nje la rangi) ya nusu milimita, kama kilo 3. Hapo ni 12 kabla ya kiti na mkanda wa kuungia sitaha. Ukiweka mati (nyuzi fupi zilizogundishwa pamoja) badala ya kitambaa, resini inafika mara mbili ya kioo au zaidi.

Juu_Mita1400: Kuhusu pampu: kwa mwinuko wa Arusha hewa ina kama bar 0.86 tu. Kipimo hakitafika bar 1 hata pampu iwe mpya, usihangaike kutafuta tundu kwenye mfuko. Funga valvu ya bomba la pampu kwanza. Mshale ukirudi, ndipo utafute.

Kasia_Tengeru: Samahani, ni za mtu mmoja, mita 5, za kukodisha, resini ya poliesta. Sakafuni nitaweka ile foamu nyeupe ya kufungia TV ili ikaze.

FundiResini: Simama hapo! Poliesta ina staireni (kiyeyushi), na staireni inayeyusha foamu hiyo. Kuna boti iliundwa hivyo hivyo: katikati pakabaki shimo, fundi akadhani resini imepungua, akamimina kilo 2 zaidi. Resini nyingi mahali pamoja ikachemka, jelikoti ikavimba, kalibu nayo ikaungua uso. Tumia foamu ya PVC ya milimita 5, au hamia epoksi, resini isiyo na staireni.

MamaKalibu: Akihamia epoksi aache mati ya kawaida, gundi yake inahitaji staireni ili ilainike. Na hadina (kigandisho) ya epoksi asiichezee. Poliesta unacheza kati ya asilimia 1 na 2 kufuata baridi. Epoksi ukizidisha, inabaki laini.

Kibo_Chini: Baridi ya Arusha mwezi wa saba resini inalala tu, inachelewa kuganda. Leteni kazi Moshi kwenye joto.

Juu_Mita1400: Moshi na vumbi lile? Jelikoti itakuwa msasa.

Kibo_Chini: Mwagia sakafu maji, ndugu.

MamaKalibu: Maji karibu na epoksi? Unyevu unaacha utando wa mafuta juu, tabaka linalofuata halishiki.

Kasia_Tengeru: Sasa pampu ninunue?

FundiResini: Kwanza, kalibu ni mpya? Umeipaka nta ya kuzuia boti isigandie mara ngapi?

Kasia_Tengeru: Mpya. Mara mbili.

FundiResini: Mbili?!