Mmetutandikia pevingi kwenye njia ya magari ya mchanga, sasa hatulali

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina hasira na sizifichi.

Mtaani kwetu Ng'ambo, hapa Unguja, barabara ilikuwa ya lami, kuukuu na yenye viraka, lakini tukilala. Ikang'olewa, ikatandikwa pevingi, vile vitofali vya kupanga. Tangu hapo kila gari likipita ni trrrrrr, kutoka kona ya juu mpaka msikitini. Gari la mchanga likipita tupu alfajiri, bodi linaruka na vikombe vya mama kabatini vinagongana. Mama ana presha. Kila mara anashtuka, "Yarabi!", na usingizi ndiyo basi tena.

Tumekwenda kulalamika kwa wahusika wa barabara. Jibu: "Magari ni yale yale, kelele zimezidi wapi? Mmetengenezewa barabara nzuri, bado hamshukuru."

Hilo ndilo lililonichoma. Magari ni yale yale, barabara siyo! Gari dogo likishafika mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, kelele zake nyingi hazitoki kwenye injini, zinatoka pale tairi linapokutana na njia. Kwenye lami laini linabiringika tu. Kwenye pevingi linagonga kila kiungo. Na mafundi wamepanga safu zikakata njia moja kwa moja, ikawa upana wote wa tairi unagonga ufa kwa pamoja. Wangezipanga mshazari, kishindo kingepungua na vitofali vyenyewe vingeshikana zaidi. Mchanga wa viungoni nao ushachukuliwa na mvua za masika. Vitofali vingine vinacheza ukivikanyaga kwa mguu, seuze lori!

Tena sikio halisikilizi ukubwa wa sauti peke yake. Mvumo wa lami unauzoea, unausahau. Kugongagonga kunakokuja na kukatika hakuzoeleki, hasa usiku. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Nani amekuja kupima kwetu?

Sipingi pevingi. Vichochoroni na sokoni, pahala gari zinakwenda taratibu, zinafaa sana. Njia ya malori irudishiwe lami. Kama pesa hakuna, viungo vijazwe mchanga, vitofali vilivyozama viinuliwe, na magari ya mchanga yasipite kabla jua halijachomoza.

Jumatatu tunarudi kwa wahusika na karatasi ya saini. Mwenye pevingi mlangoni kwake, Unguja au Pemba, aandike hapa zimepangwaje na magari gani yanapita, tuende na hayo pia.