Naomba ushauri: bia za kiwanda kidogo na kupelekea wateja nyumbani

Hamjambo wanakikundi. Mimi na dada yangu tunatengeneza bia ya shayiri na asali hapa Kenya, tuna leseni, na wateja wengi huagiza kwa simu tuwapelekee nyumbani. Sera ya taifa ya Julai 2025 kuhusu pombe na dawa za kulevya inataka mauzo ya pombe ya mtandaoni na ya kupelekewa nyumbani yapigwe marufuku, na umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21. Najua sera si sheria, lakini inatunyima usingizi. Afisi ya kaunti haijatujibu. Baa tulizozungumza nazo zinataka mapipa, sisi tuna chupa tu.

Je, tuendelee kupeleka hadi Bunge libadilishe Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010? Na waliohamia mapipa, gharama kubwa zaidi ilikuwa ipi?