Majirani wa Kimanga, tarehe 25 Aprili

06:41 Dula: Asalaam aleikum na Bwana asifiwe majirani. Amkeni! Leo tarehe 25 Aprili ina sikukuu kibao. Siku ya Malaria Duniani, Siku ya Pengwini Duniani, Siku ya DNA. Halafu huko Marekani ni Siku ya Simu, Siku ya Mkate wa Zukini na Siku ya KUMKUMBATIA FUNDI BOMBA. Siyo utani, nimeangalia mara mbili. Kila mtu achague yake.

06:44 Mama Salma: Dula, mvua imepiga usiku kucha, nyuma ya kwangu kumekuwa bahari, wewe unatuletea pengwini.

06:45 Baba Kelvin: 😂😂 Walete tu, pa kuogelea papo.

06:47 Bi Mwanaidi: Zukini ndo nini

06:48 Dula: Kama mumunye changa bibi. Wanalikwaruza, wanachanganya na unga, mayai na sukari, wanaoka.

06:50 Bi Mwanaidi: Mumunye ndani ya mkate. Haya. Kila watu na kwao.

06:58 Mzee Komba: Hamjambo. Dula, hizi siku nani anazipanga? Maana kesho ni Muungano, hiyo naijua ilikotoka. Hii ya kukumbatia mafundi imepitishwa na bunge gani?

06:59 Dula: Shikamoo mwalimu. Hiyo nadhani mtu aliamka tu akaamua 😅

07:00 Mzee Komba: Marahaba. Ndiyo maana nikauliza.

07:06 Neema: Shikamooni wakubwa. Ya malaria haikuamuliwa na mtu kuamka. Marais wa Afrika walikutana Abuja tarehe 25 Aprili 2000 wakaweka azimio la kupambana na malaria, na tarehe ile ikawa siku ya Afrika peke yetu. Mwaka 2007 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukaifanya ya dunia nzima, ikaanza kuadhimishwa 2008. Sisi wanafunzi wa uuguzi tunaulizwa hii kwenye mitihani.

07:09 Dula: Na ya pengwini ina asili yake pia. Antaktika kuna kituo cha utafiti cha Wamarekani kinaitwa McMurdo. Wakaona pengwini aina ya Adélie wanaanza safari ya kwenda kaskazini karibu tarehe hii hii kila mwaka. Na kuna wale wakubwa kuliko wote, dume ndiye anayeatamia. Yai analiweka juu ya miguu yake, miezi miwili kwenye barafu, hali kitu.

07:10 Mama Salma: Baba Salma soma hapo juu.

07:10 Mama Salma: Baba Salma naona tiki mbili za bluu.

07:22 Fundi Shabani: Habari za asubuhi majirani. Nimeona nimetajwa.

07:22 Baba Kelvin: Fundiiii! Leo siku yako, njoo tukukumbatie.

07:25 Fundi Shabani: Kukumbatiwa sina shida. Ila kabla ya hapo naomba nikumbushe ile 45,000. Kazi ya lile bomba la pamoja tulikubaliana nyumba tisa, kila nyumba 15,000, jumla 135,000. Nilipokea 90,000 nikanunua bomba, gundi na elbo, nikafunga mpaka kwa Mzee Komba. Kile kipande cha nyuma ya Mama Salma nilikifunga mpira kwa muda, nikasema ikitimia namalizia. Leo wiki ya tatu.

07:26 Mama Salma: Na mpira umeshalegea siku nyingi. Hiyo bahari siyo ya mvua tu.

07:31 Mjumbe: Wanakikundi, tusikigeuze kikundi kuwa mahali pa kudaiana. Mambo ya hela tuongee pembeni.

07:32 Mama Salma: Mjumbe, wewe umelipa?

07:32 Fundi Shabani: 🙏

07:40 Baba Kelvin: Ngoja nishuke kwenye daladala nitawajibu vizuri.

07:41 Mama Salma: Leo si Siku ya Simu? Pokea simu ya fundi basi. Amenionyesha, amekupigia mara sita.

08:15 Dula: Tuongelee DNA jamani 😅

08:16 Baba Kelvin: DNA hapana. Tusianze kuvunja nyumba za watu asubuhi hii.

08:20 Neema: Baba Kelvin usiogope, vinasaba havipimwi kama sukari, unaingia dirishani unalipa. Kuna sheria tangu 2009. Ombi lazima lipitie mahakama, ustawi wa jamii, wakili au wengine walioruhusiwa, ndipo liende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

08:21 Mama Salma: Kelvin na yale masikio anahitaji maabara ya nini?

08:21 Baba Kelvin: 😂😂😂 Nimekaa kimya.

08:26 Neema: Ila siku yenyewe ni kwa sababu ya 25 Aprili 1953, Watson na Crick walipochapisha umbo la DNA kwenye jarida la Nature. Picha ya mionzi iliyowafungua macho ilitoka kwa Rosalind Franklin na mwanafunzi wake, wakaonyeshwa bila mama wa watu kujua. Nobel ikatolewa 1962 kwa wanaume watatu. Yeye alishafariki 1958.

08:28 Mama Salma: Apike mwingine, apakue mwingine. Hiyo nayo naijua bila kwenda maabara.

11:47 Mzee Komba: Nimekaa nikaikumbuka tarehe 25 Aprili moja ambayo Dula hana kwenye orodha yake. Mwaka 1974. Asubuhi ile wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao wenyewe. Walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, vijana wanakufa miaka nenda rudi. Na hao wa Msumbiji waliokuwa wanawachosha walikuwa hapa hapa. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Mondlane. Mondlane mwenyewe aliuawa hapa hapa Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa. Kwa hiyo Lisbon ilipotikisika, jiji hili lilikuwa na mkono wake. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Mnapita Barabara ya Samora, rais wao wa kwanza, kila siku, mnadhani jina lilidondoka toka mbinguni.

11:49 Dula: Mwalimu hii hawakutufundisha hivi. Nimetafuta sasa hivi, naona wanayaita Mapinduzi ya Karafuu.

11:52 Bi Mwanaidi: Karafuu?? Ya Pemba?

11:52 Bi Mwanaidi: Karafuu zetu zimefikaje huko

11:53 Baba Kelvin: Bibi wa Wete ameamka 😂

11:58 Mzee Komba: Bi Mwanaidi tulia. Dula umetafsiri kwa mashine. Kireno wanasema "cravo". Ni jina la ua, jekundu, lenye petali kama kitambaa kilichokunjwakunjwa. Karafuu yako wewe wanaiita "cravo" ya India. Jina moja, vitu viwili. Siku ile askari mmoja alimwomba mama mmoja mfanyakazi wa mgahawa sigara. Mama hakuwa na sigara, alikuwa amebeba maua, akampa ua. Askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki, na wenzake wakataka. Ndiyo jina likatoka hapo.

12:04 Bi Mwanaidi: Basi sawa. Nilishaanza kuwaona askari na vikonyo vya karafuu kwenye bunduki. Ingekuwa hasara. Gunia zima lile.

12:05 Mama Salma: 😂😂😂 nimemwaga chai

15:33 Mama Salma: [picha]

15:33 Mama Salma: Neema mwanangu hebu angalia. Jua limetoka, maji nyuma yametulia, nimechota kwa upawa. Hivi vijidudu ni nini?

15:36 Neema: Viluwiluwi hao mama. Piga nyingine kwa karibu, upande upande, nione wamekaaje.

15:38 Mama Salma: [picha]

15:41 Neema: Mmh. Mnaona wamelala bapa, mwili wote uko sambamba na uso wa maji? Hao ni wa Anofelesi, mbu wa malaria. Wale wa kwenye mtaro wa choo wananing'inia kichwa chini na kamrija ka kupumulia juu. Hao wa choo hawaleti malaria, wana habari zao za matende na kelele za usiku. Na wa dengue yeye anataka kwenye matairi na vifuu, na anauma mchana. Huyu wenu anapenda maji kama hayo, masafi, yenye jua, ya kutulia. Yaani mmemjengea.

15:42 Baba Kelvin: Maji masafi ya bomba letu wenyewe.

15:43 Fundi Shabani: Wiki ya tatu.

15:44 Neema: Na kwa joto letu hili, toka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni kama siku kumi mpaka kumi na nne. Hesabuni.

15:50 Dula: Mama Salma si ulipata chandarua bure kliniki?

15:51 Mama Salma: Nilipata.

15:51 Salma: Kimefunika vifaranga 🙈

15:52 Mama Salma: Salma ondoka kwenye simu.

16:20 Bi Mwanaidi: [ujumbe wa sauti 1:52]

16:24 Neema: Kwa wasiosikiliza: mjukuu wa Bi Mwanaidi ana homa tangu jana usiku, anatetemeka, kichwa kinamuuma. Bibi anauliza ampe vile vidonge vilivyobaki vya mwaka jana. Bibi naomba USIMPE. Huwezi kujua ni malaria mpaka apimwe, na dozi ya nusu haiponyeshi. Mpeleke zahanati sasa hivi. Kipimo ni tone la damu ya kidole, kama dakika kumi na tano mpaka ishirini mna jibu. Alisafiri karibuni?

16:26 Bi Mwanaidi: Alikwenda Rufiji kwa mama yake mdogo. Karudi wiki ilopita

16:26 Mzee Komba: Dula, una pikipiki. Wapeleke.

16:27 Dula: Natoka.

17:48 Dula: Imeonekana. Malaria. Amepewa dawa mseto, ameshameza ya kwanza hapa hapa na maziwa.

17:51 Neema: Afadhali mmewahi. Ya pili yakipita masaa nane baada ya hiyo, yaani mumwamshe usiku. Halafu asubuhi na jioni, siku mbili. Zote sita, hata akiamka kesho anacheza mpira. Na ale kitu chenye mafuta, dawa hiyo bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Akitapika au akizidi kulegea rudini hapo hapo.

17:53 Bi Mwanaidi: Mungu akuzidishie mwanangu. Na wewe Dula.

17:55 Mama Salma: Pole sana Bi Mwanaidi. Sasa ni mbu wa kwangu au wa Rufiji?

18:01 Neema: Huenda ni wa Rufiji, hatuwezi kujua. Lakini sikieni. Mbu hazaliwi na malaria. Anaichukua kwa mgonjwa. Hao wanaotoka kwenye hilo dimbwi wakimuuma mtoto usiku wa leo, baada ya siku kama kumi wanaweza kuwapelekea nyumba nyingine. Dimbwi tulikuwa nalo. Sasa na mgonjwa tunaye. Mtoto alale ndani ya chandarua leo, bila kukosa.

18:02 Mama Salma: Nakitoa kwa vifaranga nakifua nakileta.

18:03 Bi Mwanaidi: Changu kipo mama, usijisumbue. Wape wako.

18:10 Mzee Komba: Shabani, ni nyumba zipi tatu?

18:14 Fundi Shabani: Mwalimu sipendi kutaja.

18:15 Mzee Komba: Taja.

18:19 Fundi Shabani: Baba Kelvin. Mjumbe. Na Dula.

18:19 Mama Salma: DULA????

18:20 Mama Salma: Yaani wewe uliyetutangazia siku ya kumkumbatia???

18:24 Dula: Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi 😭 natuma sasa hivi

18:31 Baba Kelvin: Nimetuma 15,000. Samahani fundi. Simu asubuhi niliiona, nilijua ni ya hiyo hela ndiyo maana.

18:33 Mzee Komba: Angalau amesema kweli.

18:52 Mjumbe: Nimetuma. Naomba ieleweke kuwa ucheleweshaji ulitokana na mtandao.

18:52 Baba Kelvin: Wiki tatu mtandao 😂

18:58 Fundi Shabani: Nimeziona zote tatu, Mungu awabariki. Kesho Muungano lakini saa moja asubuhi niko kwa Mama Salma na msumeno. Vijana waje na majembe, dimbwi lifukiwe, maana kufunga bomba peke yake hayo maji hayatakauka wiki hii na mvua hizi.

18:59 Dula: Nitakuja na mkate wa zukini.

19:00 Bi Mwanaidi: Njoo na chapati

19:04 Fundi Shabani: Samahani, kitu kimoja tu.

19:04 Mama Salma: Sema fundi.

19:05 Fundi Shabani: Ya kutolea mmesahau.