Mjadala: Prosesa ya dijitali inaua sauti ya gitaa, au hatujui kuitumia?

Mleta mada:

Wakuu habari za muda huu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana kila nikikaa na wapigaji wenzangu linazuka na haliishi. Kuna wanaosema anayepiga gitaa kupitia prosesa ya dijitali, yaani mashine inayoigiza ampu na pedali, anajidanganya, sauti ya gitaa ni ampu ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) na pedali zako tatu nne za kukanyaga pale chini, basi. Juzi kwenye mazoezi mpiga kinanda wetu aliniambia mbele ya bendi nzima kwamba gitaa langu linalia kama liko chumba cha pili na mlango umefungwa, uza hilo dude. Wenzangu wakaitikia. Iliniuma kwa kweli, nina miaka miwili na hiyo mashine na naipenda.

Nikarudi nayo nyumbani nikakaa nayo siku nne, na nikakuta kosa ni langu mwenyewe. Nilikuwa naichomeka mbele kabisa ya ampu, pale pale unapochomeka gitaa, huku ndani ya prosesa nimewasha ampu ya kuigiza na kabineti ya kuigiza, yaani boksi la spika. Hesabuni wenyewe: ampu ya kuigiza, kabineti ya kuigiza, halafu priampu ya ukweli (hatua ya kwanza ya ampu, inayoipa sauti rangi), halafu spika ya ukweli. Spika ya gitaa ikishavuka kilohezi 5 hivi inaanza kukata sauti za juu, ndio maana gitaa kwenye ampu halichomi masikio, sasa mimi nilikuwa nakata mara mbili, mlango utaachaje kufungwa? Mazoezi yaliyofuata nikazima ile kabineti, nikatoa waya kule mbele nikauchomeka nyuma ya ampu kwenye tundu la ritani la efekti, yaani priampu ya ampu hata haiguswi. Nikapiga kodi moja tu ya E. Mpiga dramu akashika matoazi kwa mkono yanyamaze akaniuliza, umebadilisha gitaa? Gitaa lile lile, waya ule ule.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, prosesa haiui sauti, tunaoiua ni sisi tunaotengeneza sauti sehemu moja na kwenda kuipigia sehemu nyingine. Unakaa chumbani usiku na hedifoni, unaongeza besi, unaongeza trebo (sauti za juu), unamwaga rivabu (mwangwi) mpaka unajisikia uko uwanjani, unaseva. Kesho kwenye spika kubwa na dramu pembeni inakuwa vurugu tupu, besi inavuma, trebo inachoma. Hili limepimwa tangu 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio halizisikii vizuri besi na trebo ya juu, ikiwa kubwa linazisikia. Ile besi uliyoongeza chumbani kulisaidia sikio, jukwaani ni mzigo. Nasubiri wenye mawazo tofauti.

Mzee wa Valvu:

Mkuu nimekusoma na nakupongeza kwa kukiri kosa, wengi hawawezi. Ila mimi bado nasimama upande mwingine na nina sababu. Ya kwanza ni mkono. Valvu ukiipiga kwa nguvu inakoroma, ukipiga taratibu inasafika, ukishusha volyumu ya gitaa kidogo tu sauti inabadilika na hujakanyaga kitu. Hizo prosesa nyingi nilizopiga mimi zinanipa rangi moja, nipige kwa hasira nipige kwa upole ni ile ile. Ya pili ni kuchelewa, kidole kimeshagusa uzi lakini sauti iko njiani. Na ya tatu ndio inayoniuma zaidi kama mtu ninayefundisha vijana, kijana anakesha kwenye menyu anabadilisha ampu 80 na kabineti 40, asubuhi ukimwambia panda skeli ya G taratibu kwa metronomu hawezi. Ampu yangu ina nobu sita. Nikishaiweka sina cha kufanya tena isipokuwa kupiga.

Halafu msisahau, ampu za valvu za miaka ya 60 mpaka leo mafundi wanazifungua, wanabadilisha valvu na kapasita, zinalia. Prosesa yenu skrini ikifa na aliyeitengeneza ameacha kutoa apdeti, mnaipeleka wapi?

Mleta mada:

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya mwisho sina jibu, umeshinda. Ile ya kuchelewa nayo naomba nikujibu kwa hesabu. Sauti hewani inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, maana yake mita moja inachukua karibu milisekunde 3. Prosesa nzuri ya siku hizi kuingia na kutoka ni milisekunde chache tu, kwa hiyo ni kama umesogea hatua moja mbali na ampu yako, na wewe mwenyewe jukwaani unasimama mita tatu kutoka kwenye ampu na hulalamiki. Shida inakuja mtu akirundika, gitaa liko kwenye wayalesi ya dijitali, linaingia prosesa, linaingia mikisa ya dijitali (mashine ya kuchanganya sauti za bendi), linarudi masikioni kwa wayalesi nyingine, kila kituo kinakula chake, hapo kweli utasikia mkono unavutwa.

Kuhusu mkono, nakubali mashine za zamani zilikuwa hivyo. Kampuni ya Line 6 walipotoa prosesa ya POD mwaka 1998 ilikuwa ajabu ya wakati ule lakini ukishusha volyumu ya gitaa ilikuwa kama umeshusha redio. Tangu wakati huo kuna prosesa ya Axe-Fx ya 2006, kuna Kemper ambayo inanakili ampu halisi iliyowekwa maiki, na kuna programu za bure kwenye kompyuta zinazofanya kazi hiyo hiyo. Jaribu hivi mzee, chukua prosesa ya sasa, zima kompresa (inayobana sauti kubwa na ndogo zikaribiane), zima geti (inayonyamazisha sauti ikishakuwa ndogo), weka gein (nguvu ya kuikoromesha sauti) nusu ya unayodhani unahitaji, halafu cheza na volyumu ya gitaa. Mara nyingi kinachoua mkono ni ile kompresa na geti ambazo priseti ya kiwandani (mpangilio wa sauti uliokuja na mashine) imeziwasha na mtu hajui kama zipo, geti inakata mkia wa noti kabla haujafa wenyewe.

Fundi Mitambo:

Naongea kutoka upande wa mikisa maana nyie wapigaji hamjisikii tunavyowasikia sisi. Mpiga prosesa anayejua kazi ni rafiki yangu mkubwa, jukwaa linakuwa kimya, maiki ya mwimbaji haimezi gitaa, nampa kila mtu anachotaka kusikia. Asiyejua ananitoa jasho usiku mzima. Priseti yake safi iko juu, ya distoshen (sauti ya kukoroma) inazama, ya solo ndio kabisa, nabaki nimeshika fada (kidude cha kupandisha na kushusha sauti) kama usukani. Na hapa watu wanadanganywa na mita, sauti safi ina vilele virefu, inaonekana kubwa kwenye taa lakini sikioni ni ndogo, distoshen imebanwa, taa zinaonyesha kidogo huku inajaza ukumbi. Sawazisha kwa sikio, bendi ikiwa inapiga, sio kwa macho. Na acha nafasi juu, desibeli 10 mpaka 12 kabla ya mwisho wa mita, kwa sababu dijitali ikijaa haikoromi kwa utamu kama valvu, inakata wimbi bapa na inatoa mchakacho ambao sina nobu ya kuufuta.

Solo haisikiki? Watu wanaongeza gein. Ukiongeza gein unazidi kuibana sauti na inazidi kurudi nyuma. Ongeza midi (sauti za kati) na kama desibeli 3 za volyumu mwishoni kabisa mwa mnyororo, utatoka mbele bila kumkanyaga mtu. Pia kata chini kwenye hezi 80 mpaka 100, uzi mnene wa E uko hezi 82, chini ya hapo ni mvumo ambao una wenyewe, ni besi na dramu ya mguu. Na juu kata kati ya kilohezi 6 na 8. Ukija moja kwa moja kwenye mikisa yangu bila ampu, tafadhali rudisha ile kabineti uliyoizima, ukisahau hiyo ndio sauti ya nyuki kwenye kopo na lawama watanipa mimi.

Dada wa Solo:

Fundi barikiwa sana, hilo la midi liandikwe ukutani. Mimi niko na Mleta mada ila naona amepita haraka kwenye priseti za kiwandani, na kwangu ndio mzizi. Zile zimetengenezwa zikuvutie ukiwa unajaribu peke yako, kwa hiyo kila kitu kimejaa, korasi, dilei, rivabu kubwa. Kwenye bendi yote hayo yanagombana na kinanda. Mimi nilifuta zote. Nikafungua ukurasa mtupu nikaweka ampu na kabineti tu, nikapiga hivyo wiki nzima bila hata tone la rivabu. Siku mbili za kwanza niliona aibu, nilisikia kila kosa langu, vidole vinavyochelewa, nyuzi ninazogusa bila kutaka. Halafu nikaongeza kimoja kimoja, overidraivu (ya kuikoromesha sauti) mbele ya ampu, dilei (inayorudia noti) baada ya ampu, rivabu mwisho. Leo nina sauti tatu tu na kila moja naijua hata nikiwa nimefumba macho. Mzee wa Valvu anasema nobu sita zinamtosha, na mimi nasema prosesa inaweza kuwa nobu sita ukiamua, hakuna anayekulazimisha kufungua hizo ampu 80.

Ila siungani na wale wanaomwambia anayeanza aanze na valvu. Valvu inaanza kulia vizuri ukiifungua sana, majirani watakufukuza. Hedifoni na sauti moja safi kwenye prosesa vinampa mtoto saa mbili za mazoezi kila siku bila ugomvi na mtu.

Mzee wa Valvu:

Binti, wiki nzima bila rivabu, hapo umenigusa, hiyo ni shule. Kwa wanaoanza sikubali kuanza na prosesa, aanze na gitaa kavu lisilochomekwa popote mpaka mkono uwe safi, mashine itamkuta mbele. Lakini ile ya kuzima geti na kushusha gein nusu nitaijaribu kwa mwanafunzi wangu mmoja anayo hiyo mashine, nitaleta ukweli hapa bila upendeleo.

Mwanafunzi:

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote nikaenda kuwasha ya kwangu, kumbe geti ilikuwa imewashwa tangu nimenunua, nilikuwa nadhani noti zangu zinakatika kwa sababu ya vidole vyangu, nimejilaumu miezi. Sasa zinaning'inia mpaka nazizima mwenyewe. Swali langu ni moja, kuna siku napiga kwenye ampu na kuna siku naingia mikisa moja kwa moja, niseve priseti mara mbili, yenye kabineti na isiyo nayo?

Fundi Mitambo:

Angalia nyuma ya mashine yako kwanza mdogo wangu. Kama ina njia mbili za kutokea, igawe sauti mwishoni, njia moja ipite kwenye kabineti ije kwangu, nyingine isipite iende kwenye ampu yako. Priseti inabaki ile ile moja na hutasahau kitu. Kama ina njia moja tu basi seva mbili, na majina yaanze na neno AMPU na neno MIKISA, maana gizani jukwaani hutasoma zaidi ya hapo.